Mshipi ukikukatikia, tazama ncha kwanza

Samaki akikata mshipi, wengi wetu huvuta kilichobaki, tukaguna, tukafunga ndoana nyingine. Mimi huishika ile ncha nikaitazama. Ikiwa imekatwa safi, bila nyuzinyuzi, hilo ni jino: nguru au mzia. Ikiwa imechanika na sehemu ya juu yake imekwaruzika hadi ikawa nyeupe, huo ni mwamba. Ikiwa imejisokota vikunjo vidogovidogo, fundo limeteleza, na hapo hata ununue mshipi wa bei gani, utakukatikia tena.

Nasema hivi kwa sababu watu huniuliza lida, yaani kile kipande cha mwisho kabla ya ndoana, iwe ya kilo ngapi, yaani ihimili uzito gani kabla ya kukatika. Kilo zinakuja baadaye. Kwanza ujue nini kinakukata.

Tuseme unarambaza, yaani unakokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, kutafuta nguru msimu wa kaskazi. Nguru anahitaji waya, hilo halina mjadala. Lakini si waya mrefu: sentimita thelathini za waya mwembamba wa uzi mmoja, wenye rangi ya kahawia, zinatosha. Chombo kikienda kasi nguru hana nafasi ya kukagua. Ukisimamisha mashine na kumtupia chambo hai katika maji yale maangavu, mambo hubadilika, anakizunguka chambo na kuondoka zake. Hapo fupisha waya zaidi. Na swiveli, kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka kati ya mshipi na waya, iwe nyeusi. Ile inayong'aa nguru huidhania kidagaa, anaipiga, na kukata mshipi juu ya waya wako wote.

Jodari ni habari nyingine. Meno yake ni madogo, hayakati, ila macho anayo. Kwake ndipo fluorokaboni, aina ya uzi wa plastiki wa lida, inapostahili bei yake: inapindisha mwanga kwa kukaribiana na maji zaidi kuliko nailoni, hivyo haionekani sana. Pia ni nzito na huzama upesi. Ubaya wake ni ugumu, kwa hiyo lowesha fundo kwa mate na ulikaze polepole, la sivyo linajiunguza lenyewe. Maji yakishavurugika wakati wa kusi, au ukiwa magharibi ya Mafia ambako Rufiji inamwaga tope lake, mimi sioni haja nayo. Pesa hiyo nunulia chambo.

Sulisuli hakati kwa meno, anasugua kwa ule mdomo wake mrefu. Mpe nailoni nene ya kilo 40 hadi 60, mita tatu au nne, na waya uuache nyumbani.

Kwenye mwamba, kwa mshipi wa mkono, adui ni jiwe. Chewa akishashika chambo anakimbilia pangoni, na wewe una sekunde chache tu za kumzuia. Nailoni ya milimita moja au zaidi ndiyo silaha. Chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, nalo nalifunga kwa kipande cha nailoni dhaifu kuliko lida. Siku za bamvua mkondo ukilivuta na kulinasa, linakatika chubwi peke yake. Ndoana, na pengine samaki, wanabaki upande wako. Wanaotumia mshipi wa kusukwa wasahau kabisa kuufunga moja kwa moja kwenye ndoana. Ni imara ukivutwa, lakini haunyumbuki, na ukigusa matumbawe tu umekwisha. Weka mbele yake mita mbili za nailoni.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wananiuliza kuhusu sangara. Kinywa chake ni kama msasa na mifuniko ya mashavu ina makali, ila hana meno ya kukata. Nailoni ya kilo 30 na kuendelea inamtosha, waya unaharibu tu mwendo wa chambo. Yule samaki mwenye meno marefu yaliyochomoza nje, wa Rufiji na Ziwa Tanganyika, ndiye wa kumfungia waya.

Baada ya kila samaki, pitisha kucha juu ya mita ya mwisho. Ukihisi mkwaruzo wowote, kata na ufunge upya, hata kama samaki wanakula kwa fujo na mwenzako anakupigia kelele. Na dukani, roli la nailoni lililokaa juani karibu na dirisha liache, hata kama limepunguzwa bei.