Ulifunga, ukaomba, kazi hukupata: anzia Zaburi ya 13

Ujumbe wenyewe ni mfupi: tunasikitika kukujulisha kwamba hukuchaguliwa. Ulifunga siku 3, jumuiya ikakuombea, na shati ulilolipigia pasi kwa ajili ya usaili bado limening'inia kwenye msumari. Jumapili, ukitoka ibadani, kuna mtu atakushika mkono akuulize, "Vipi, Bwana amejibu?"

Wengi wetu hapo huruka moja kwa moja kwenye shukrani. "Mungu ana makusudi yake," tunasema, kabla hata hatujakubali kwamba tumeumia. Uchungu uliofunikwa hivyo hautoki. Unaibuka kwa mlango mwingine: ukali kwa watoto, uzito wa kuomba, kinyongo kwa aliyepata ile nafasi. Yesu mwenyewe, baada ya kufufuka, hakuwaharakisha wale wanafunzi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau wakihuzunikia kifo chake. Alijua yote yaliyotokea Yerusalemu, ila aliwauliza, "Mambo gani?" akawaacha waseme mpaka wafike kwenye lile neno chungu, "tulikuwa tukitumaini" (Luka 24:21). Kuwafunulia Maandiko kulikuja baadaye.

Kwa hiyo anza kwa kusema, na Zaburi ya 13 inakuonyesha namna. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko matupu, na "hata lini" imerudiwa mara 4. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Wa 5 na wa 6 ni tumaini. Chukua daftari, tafuta dakika 20 ambazo hakuna atakayekuita, ugawe ukurasa sehemu tatu kwa mpangilio huohuo.

Sehemu ya kwanza ndiyo ngumu, na ndiyo watu wanaikimbia. Mwandikie Mungu, usiandike habari zake. Daudi, mwenye zaburi hii, hasemi "nahisi labda Mungu amenisahau". Anamuuliza Mungu usoni, utanisahau hata lini? Kisha taja kitu chenyewe. "Maisha ni magumu" haisaidii, kwa sababu haina pa kushika. Andika hivi: "Nilikuwa nimeshaupangia mshahara wa Januari, kodi ya miezi 6 na ada ya mtoto, na sasa sina cha kumwambia mwenye nyumba." Ukiandika kwa kina hivyo utagundua kwamba hukupoteza kitu kimoja. Kuna pesa, kuna heshima mbele ya ndugu waliojua unakwenda kwenye usaili, na mara nyingi kuna kile unachoogopa kukitaja: umeanza kutilia shaka kama Mungu anakusikia. Kiandike nacho. Ukikiacha nje, maombi yako yote yatakuwa ya juujuu.

Sehemu ya pili, andika ombi moja linalolingana na wiki hii. Usiombe miaka 10 ijayo ipangike. Omba nguvu ya kuzungumza na mwenye nyumba siku ya Alhamisi. Ya tatu huanza na neno "Nami", kama mstari wa 5 unavyoanza, na sentensi moja inatosha. Ikikataa kutoka, acha pale pawe peupe, urudi kesho. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila mstari wa faraja, na bado imo kwenye Biblia. Fanya hivi siku 7 mfululizo ndipo uamue kama inakusaidia. Siku ya kwanza mara nyingi inaongeza machozi, na hilo si dalili ya kwamba umekosea.

Wakati huohuo, kula. Kosa tunaloliona sana ni mtu kuongeza mfungo papo hapo, akidhani ule wa kwanza haukutosha. Nabii Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili (1 Wafalme 19). Safari ya siku 40 kwenda Horebu ilifuata baada ya hapo.

Usikope pesa ili utoe "mbegu", yaani sadaka unayoambiwa itakufungulia mlango. Mtume Paulo alimsihi Bwana mara 3 "mwiba" wake, yaani taabu ya mwilini, umtoke (2 Wakorintho 12). Alipewa neema, mwiba ukabaki, na hakuna aliyemtajia bei. Usitafute pia nani amekufunga kwa uchawi. Utaishia na majirani wawili usiowasalimia na bado huna kazi. Na ukitumiwa Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani na tumaini, soma kuanzia mstari wa 4: ahadi ile waliandikiwa mateka wa Babeli ambao wangekaa miaka 70, nao waliambiwa wajenge nyumba na wapande bustani wakiwa hukohuko.

Kwa yule wa Jumapili, andaa jibu kabla hujatoka nyumbani: "Sikupata, na nimeumia. Niombee, ila usiniulize tena mpaka mwezi ujao." Wengi huelewa. Habari yote mpe mtu mmoja au wawili wanaoweza kunyamaza. Nawe ukiwa ndiye unayemtembelea aliyekosa, kumbuka rafiki za Ayubu: walikaa naye chini siku 7 bila neno na walifanya vema, walianza kuharibu walipoanza kueleza. Peleka unga na sukari, kaa, na ukiondoka uliza kama anahitaji nauli ya usaili unaofuata.

Ikiwa usingizi umepotea kwa zaidi ya wiki 2, chakula hakipiti, au umeanza kutamani kufa kama Eliya, mwambie mtu leo na uende hospitali. Mwombe mchungaji akusindikize hadi kwa daktari.