Haskell kazini: kompaila ikikubali, gharama bado huijui

Ukijiunga na timu inayoandika kwa lugha ya programu ya Haskell, utakuwa umeshatishwa na monadi, yaani njia yake ya kuunganisha hatua za kazi. Usizihofie sana. Zinazoeleka kwa kutumika, na ukishaandika vya kutosha kwa IO (kusoma na kuandika nje ya programu) na Maybe (jibu linaloweza kukosekana) hutazifikiria tena. Kitakachokusumbua kwa muda mrefu ni jambo ambalo mafunzo ya mwanzo hulipita haraka: kompaila inakagua kama aina za data (namba, maandishi na kadhalika) zinaoana, lakini haikuambii programu italamba memori kiasi gani, wala kazi itafanyika lini hasa.

Haskell haikokotoi kitu mpaka jibu lake lihitajike. Jumlisha orodha ndefu ya namba kwa foldl, fanksheni inayopitia orodha ikibeba jibu la njiani, bila kuwasha uboreshaji wa kompaila, na hakuna kinachojumlishwa njiani. Kinachojengwa ni mlolongo wa ahadi: sifuri ongeza moja, halafu ongeza mbili, halafu ongeza tatu, zote zimehifadhiwa kwenye memori zikisubiri mtu aulize jibu. Kwa namba mia huoni kitu. Kwa mamilioni, memori inapanda na programu inaweza kuanguka. Dawa yake ni foldl', inayokokotoa kila hatua papo hapo. Tangu GHC 9.10 (GHC ndiyo kompaila ya Haskell) ya mwaka 2024 huhitaji hata kuiagiza kutoka Data.List.

Wengi huishia hapo, na ndipo mtego wa pili unapowanasa. Tuseme unatafuta wastani, na unabeba jozi: jumla na idadi. Ukitumia foldl', kinacholazimishwa ni jozi yenyewe tu, yaani ganda la nje. Jumla na idadi zilizo ndani zinabaki ahadi, na mlolongo unarefuka kama mwanzo. Tengeneza aina yako ya data yenye sehemu mbili, uweke alama ya mshangao (!), inayolazimisha thamani ikokotolewe, mbele ya aina ya kila sehemu, na tatizo linakwisha. Kwa sababu hiyohiyo chagua Data.Map.Strict badala ya Data.Map (kamusi ya funguo na thamani) unapohesabu vitu, na modifyIORef' badala ya modifyIORef unapobadilisha thamani iliyohifadhiwa. Katika programu inayoishi siku nyingi, kama seva, kaunta moja iliyosahauliwa bila kulazimishwa inatosha kuimaliza memori polepole, na majaribio yako yote yatakuwa yanapita.

Kwa hiyo jifunze kupima kabla hujapata dharura. Jenga programu kwa chaguo la -rtsopts, kisha iendeshe kwa +RTS -s, inayochapisha takwimu za memori. Angalia ni data kiasi gani ilikuwa hai kwenye memori kwa wakati mmoja, kisha ongeza ukubwa wa ingizo uone kama kiasi hicho nacho kinakua. Kama programu ilitakiwa kusoma mstari na kuusahau, lakini namba inapanda kadiri faili linavyorefuka, kuna kitu umekishikilia. Mazoea haya yana faida kubwa kuliko kusoma makala nyingine ya nadharia, na nasisitiza hivyo kwa kila anayeanza.

Kwenye maandishi, aina ya String ni orodha ya herufi moja moja. Kwenye mashine ya biti 64, kila kiungo cha orodha hiyo kinachukua baiti 24, kwa herufi ambayo ingetosha baiti moja. Inafaa kwa mazoezi. Kazini tumia Text, au ByteString kwa data ghafi. Utaepuka pia readFile ya kawaida, ambayo husoma faili kwa uvivu na kuliacha wazi: ukijaribu kuliandikia faili lilelile kabla hujamaliza kulisoma, utaambiwa limefungwa, na hutaelewa nani amelifunga.

Ujumbe wa makosa ni mrefu, hilo ni kweli. Andika saini ya aina kwa kila fanksheni ya ngazi ya juu kabla ya mwili wake, ili kosa lionyeshwe mahali lilipo badala ya mistari hamsini mbele. Ukikwama katikati, weka mstari wa chini (_) pale usipojua cha kuandika. Kompaila itakueleza ni aina gani inahitajika hapo. Kipengele hiki nakipenda kuliko vyote. Acha GHCi (dirisha la kujaribia msimbo) au ghcid (inayoukagua upya kila unapohifadhi) ikiwa wazi unapoandika, maana kujenga mradi mkubwa upya kila mara kunachosha.

Usikimbilie viendelezi vya lugha, yaani vipengele vya ziada unavyoviwasha mwenyewe, kwa sababu tu umeviona vimetumika kwa ustadi mahali. Kila kimoja ni kitu ambacho mwenzako atalazimika kukijua kabla ya kurekebisha msimbo wako.

Mwisho, kuhusu kutafuta hitilafu. Debug.Trace inakuruhusu kuchapisha ujumbe ndani ya fanksheni safi, yaani isiyogusa kitu nje yake, na utaihitaji. Ila usisome ujumbe huo kana kwamba umefuata mpangilio wa mistari ya msimbo. Unatokea pale thamani inapodaiwa, kwa hiyo wa tatu unaweza kutangulia wa kwanza, na mwingine usitokee kabisa. Usipouona, jiulize kwanza kama kuna aliyelihitaji jibu hilo, kabla ya kuamini kwamba fanksheni yako ina kasoro.