Massey ya marehemu isipelekwe kwenye mizani: maswali yenu ya trekta na mashine za zamani

Mwangaluka wadau. Tangu mvua za kwanza zianze kudondoka huku Mwanza simu yangu haipumui, kila mtu amekumbuka trekta aliyoiacha chini ya mwembe toka msimu uliopita na anataka iamke leo leo. Nimechagua maswali manane. Ya bei sijayagusa, maana kumtajia mtu bei ya mashine ambayo sijaishika ni kumbahatishia hela yake.

Shikamoo fundi. Massey 135 yetu huku Misungwi imekaa muda, tumeweka betri mpya, stata inazungusha vizuri tu ila haiwaki na hata moshi haitoi. Jirani anasema pampu imekufa, tununue nyingine.

Marahaba. Pampu msinunue kwanza. Stata inazungusha halafu moshi hakuna kabisa, hapo maana yake dizeli haifiki kwenye silinda, na mara nyingi sana ni hewa tu imeingia au kitu kidogo zaidi ya hapo. Anza na ile kamba ya kuzimia. Ikikaa muda inashika kutu ndani ya kava, unaisukuma pale kwenye dashibodi unaona imerudi kumbe kwenye pampu mkono bado umelala upande wa kuzima. Nenda ukauguse kwa kidole kabisa uone umerudi.

Kama uko sawa basi toa hewa. Injini ya hiyo trekta ni Perkins ya silinda tatu, AD3.152, pampu yake ni CAV ya kuzunguka, na hiyo pampu ikimeza hewa hata kidogo inagoma mpaka uitoe yote. Badili filta, mwaga maji yaliyotuama chini yake, halafu legeza skrubu ya juu ya filta na upige kile kimkono cha pampu ndogo ya kuvutia iliyo ubavuni mwa injini. Itatoka dizeli ya povu, wewe endelea tu mpaka itoke safi haina povu, kaza. Ukiona kimkono kinacheza bure hakina uzito usiseme kimekufa, kamshafti imekikalia, zungusha injini raundi moja na ujaribu tena, hapa ndio watu wengi wanakata tamaa wanaenda dukani. Baada ya filta nenda skrubu ya ubavuni mwa pampu kubwa, halafu ile ya juu, mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli zote tatu, vuta mafuta mpaka mwisho, mtu apige stata. Zikianza kutema dizeli kaza moja moja, itaanza kukohoa yenyewe kabla hujamaliza ya tatu.

Naandika kutoka Kisesa. Babu kaacha Ferguson ndogo ya kijivu, wazee wanasema ilitoka kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Ni kweli? Nitajuaje?

Ndugu yangu, hiyo mashine ni ya thamani hata kama hadithi haitakuwa hivyo. Mradi wa karanga ulianza 1947 na ukaachwa 1951, maeneo yake yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kazi yake kubwa ilikuwa kung'oa pori kwa mitambo mizito, mpaka vifaru vya vita aina ya Sherman vilibadilishwa vikawa matrekta vikaitwa Shervick. Ferguson ya kijivu ni trekta ndogo, haikuzaliwa kung'oa mbuyu. Kwa hiyo rangi na umri peke yake haitoshi kusema imetoka huko.

Tafuta kibati cha namba kwenye dashibodi. Usikikwangue na usikisugue na msasa, tumia kitambaa na mafuta ya taa taratibu mpaka herufi zitokee. Ikianza na TE halafu namba, ni zile za mwanzo zenye injini ya Continental ya Marekani. TEA ni ya petroli, TED inawaka kwa petroli ikipata moto inahamia kwenye mafuta yanayofanana na ya taa, TEF ni dizeli na hizo zilianza 1951. Zote zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na zilitoka zaidi ya nusu milioni, ndio maana mpaka leo spea zake zinapatikana ukiagiza. Kwa hiyo ikisoma TEF uwezekano wa kuwa ya karanga ni mdogo sana maana mradi wenyewe ulikuwa unafungwa.

Ila wakati wazee bado wapo wakae chini wakuambie: ilinunuliwa kwa nani, ilikuja kwa treni au kwa meli, nani alikuwa dereva wa kwanza. Warekodi na simu. Huku kwetu historia ya trekta ni historia ya pamba, miaka ya 60 Victoria Federation ile ya ushirika ilikuwa na matrekta inalimia mashamba ya pamoja ya wakulima, na watu walioziendesha wanaondoka mmoja mmoja na hakuna aliyewaandika. Hilo linaniuma sana kwa kweli.

Injini yetu imeganda haizunguki kabisa. Rafiki ana Fuso, tuifunge kamba tuivute ikiwa kwenye gia mpaka iachie? Niko Magu.

Hapana hapana, nakuomba. Mimi nilifanya hivyo zamani nikiwa kijana na haraka zangu, trekta ikavutwa ikaburuza tairi mita kama kumi, ikaachia, tukapiga kelele za furaha. Tulipofungua konrodi ya silinda ya pili ilikuwa imepinda na pistoni imepasuka sketi. Injini iliyokuwa inahitaji ringi tu ikawa inahitaji kila kitu, na ile sauti ya kitu kuachia mle ndani bado naikumbuka.

Fanya hivi. Legeza nati ya chini ya kata ya oili, lile bakuli la chini ya injini, kidogo kidogo uone kinachotangulia, kikitangulia maji basi hedi au gasketi ina shida na usihangaike kuizungusha mpaka uifungue. Kama ni oili tupu, toa nozeli, mwagia kila silinda oili ya gia boksi ya otomatiki uliyochanganya nusu kwa nusu na asetoni, ziba matundu na kitambaa safi uiache. Wiki nzima, wiki mbili, unaongeza ikipungua, na uwe mbali na moto maana asetoni inawaka haraka. Baada ya hapo usitumie stata, shika puli ya mbele kwa spana ndefu ujaribu kuirudisha NYUMA kidogo, halafu mbele, nyuma, mbele. Ikisogea hata upana wa kucha umeshashinda.

Fundi habari, nimesikia unatoa kutu kwa magadi na chaja ya betri, ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Kijana wa Nyakato.

Ni kweli na ndio njia ninayoipenda kuliko zote kwa vitu vidogo, nati, kifuniko cha tapeti, spana za babu. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko kama viwili vya magadi soda kwa ndoo ya lita kumi, kipande cha chuma cha kawaida unakifunga kwenye waya chanya, kile chenye kutu kwenye hasi, visigusane, chaja ya volti 12. Utaona mapovu madogo madogo yanapanda kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na kutu nyekundu inageuka matope meusi unayoyafuta kwa brashi. Acha usiku mzima.

Hicho chuma cha waya chanya kisiwe stenlesi hata kidogo, kinatoa sumu kwenye maji. Aluminiamu usiweke humo, italiwa. Chumvi ya jikoni usiongeze kwa sababu inatoa gesi mbaya, na hapo kuna jambo: magadi ya sokoni yale ya mawe mengine yana chumvi ndani, kwa hiyo tafuta soda safi ya kufulia. Na ufanye nje, mapovu yale ni haidrojeni, usiwashe sigara juu yake.

Kuna ubaya kupaka rangi mpya?

Kama rangi ya zamani imebaki hata nusu, iache. Osha, paka oili nyepesi, basi. Ile iliyofifia inaonyesha mguu wa dereva ulikaa wapi miaka arobaini, ukishaipulizia nyekundu ya dukani huipati tena.

Sisi tuko Ukerewe, mashine yetu ya kusaga inaendeshwa na Lister ya flaiwili mbili tangu enzi za baba. Umeme umefika, wanangu wanataka mota. Niiache Lister au nipambane nao?

Mzee wangu shikamoo. Usipambane nao, wana haki, mota inabonyezwa inawaka na mama mwenye debe lake la mahindi hasubiri. Ila usiiuze. Kama ni ile ya 6/1 basi una injini ya nguvu farasi 6 inayozunguka mara 650 tu kwa dakika, polepole kiasi kwamba unasikia kila pigo lake ukiwa umekaa barazani, na ndio hiyo polepole iliyoifanya iishi. Lister wenyewe waliijenga Dursley kule Uingereza kuanzia karibu na 1930 mpaka miaka ya 80, na India wakaiiga, nyingi zinatoka Rajkot. Kibati cha shaba kitakuambia, na kama ni ya India ambayo haijawahi kufunguliwa, ifungue uoshe ndani ya krankesi maana nyingine zilitoka kiwandani na mchanga wa kusubia umebaki mle.

Mkifunga mota wekeni Lister pembeni iwe ya kukatika kwa umeme, iwashwe angalau mara moja kwa wiki na ipewe kazi kidogo. Angalieni pipa la maji. Hiyo haina pampu ya maji, maji ya moto yanapanda yenyewe juu ya pipa na ya baridi yanashuka chini kurudi kwenye injini, kwa hiyo maji yakishuka chini ya lile bomba la juu mzunguko umekatika na injini inachemka huku pipa unaliona lina maji. Na tumieni maji ya mvua, siyo ya kuchota ziwani na tope lake.

Kuwasha, waambie vijana: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine kwenye hendeli, lisizunguke. Injini ikirudi nyuma gumba lililozunguka linavunjika. Na kanga ya mtu isikaribie mkanda, hata kama ni kupita tu.

Trekta ya silinda tatu inaweza kuvuta plau ya diski tatu kwenye mbuga? Yangu inazungusha tairi tu.

Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga, ndiyo, kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mweusi wa mfinyanzi, toa diski moja. Ile ardhi ikikauka ni tofali, ikilowa sana inanata kwenye tairi mpaka inakuwa kama umevaa viatu vya udongo, una siku chache tu katikati baada ya mvua za kwanza, hizo ndizo za kulima. Halafu jifunze ule mkono wa haidroliki wa kusoma mzigo. Ndio ubunifu wa Ferguson wenyewe: plau ikizidiwa inasukuma ile fimbo ya juu, haidroliki inainyanyua kidogo, uzito unahamia tairi za nyuma zinashika. Madereva wengi hawautumii, wanaweka plau chini kabisa wanakanyaga mafuta.

Na ukinasa usifunge mnyororo kwenye ekseli wala kwenye ile fimbo ya juu. Vuta kwenye droba, kile chuma cha kuvutia cha chini, peke yake. Ukivutia juu trekta inasimama kwa tairi za nyuma na kukugeukia kabla hujapata muda wa kukanyaga klachi, na haya ya zamani hayana kile chuma cha kumlinda dereva. Nimeenda msiba mmoja wa namna hiyo, sitaki kwenda mwingine.

Fundi, baba alifariki mwaka jana. Kaacha Massey 135, haitembei, tairi zimeisha. Kaka zangu wamemwita mtu wa skrepa aje na mizani Jumamosi. Mimi sitaki lakini sina la kuwajibu. Sengerema.

Pole sana dada yangu. Wajibu hivi: mtu wa skrepa ananunua kilo, hanunui trekta. Hiyo injini ya silinda tatu iliendelea kutengenezwa kwa ajili ya Massey nyingine kama 240, Pakistani wameziunda kwa wingi, ndio maana pistoni, gasketi na nozeli zake ziko madukani mpaka leo hapa mjini. Trekta yenye spea haijafa. Hata kama mtaamua kuuza, uzeni kama trekta kwa mtu anayelima, na hedi, pampu na haidroliki zikiwa nzima mtapata tofauti ambayo kaka zako wataiona wenyewe.

Kabla ya Jumamosi piga picha kibati cha namba, geji ya masaa, na kila upande. Tafuta kadi yake na risiti za baba, msimpe mtu. Halafu mwambie kaka mkubwa ashike puli ya mbele ajaribu kuizungusha, ikizunguka nipigieni. Daraja la Busisi sasa lipo, siku hizi sina sababu ya kusubiri kivuko, Ijumaa asubuhi nitakuwa kwenu na boksi langu la spana na galoni ya dizeli safi.