Ukiwa Sicily, vuka hadi Pantelleria

Mkuu, umeuliza una siku kumi Sicily, kile kisiwa cha Italia, ule nini na unywe divai gani. Wadau wamekutajia mji wa Palermo na arancini, yale madonge ya wali ya kukaanga, sawa. Mimi nasema tenga siku tatu uvuke Pantelleria, kisiwa cha volkano kilomita kama 70 tu kutoka Tunisia. Nilichuma zabibu huko msimu mmoja.

Mimi wa Dodoma, zabibu nimezikuta nyumbani. Siku ya kwanza mzee mwenye shamba akasema leo tunaanza na zibibbo. Nikacheka. Neno ni lilelile, zabibu, wao na sisi tumelichota kwa Waarabu. Ila shamba sikulitambua. Kwetu mizabibu inapandishwa kwenye nguzo na waya. Kule kila mche umejikunyata kwenye kishimo chake, haufiki hata gotini, maana upepo wa pale hauna adabu. Unachuma umeinama kutwa. UNESCO waliuingiza ukulima huo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014, sidhani kama kuna aliyeuliza migongo yetu.

Divai yenyewe ni Passito. Zabibu za Agosti zinaanikwa juani wiki tatu mpaka nne, zikishasinyaa zinapukuchuliwa kwa mkono na kumwagwa kwenye juisi ya zabibu za Septemba inayochacha. Inatoka rangi ya kaharabu, tamu, inanukia asali na aprikoti. Ni ya kusindikiza vitamu baada ya mlo, kiglasi kidogo. Niliigida kama bia jioni moja, kesho yake kazini sikuonekana.

Chakula: kuna kuskusi, chenga za ngano zilizopikwa kwa mvuke, juu mchuzi wa samaki na mboga za kukaanga. Kuna baci, vikaki vya kukaanga vyenye jibini laini katikati. Lakini mimi naisifia saladi yao: viazi vya kuchemsha, nyanya, kitunguu chekundu, oregano, mafuta ya zeituni na capperi, yale matumba ya maua wanayoyahifadhi kwenye chumvi. Ukinunua ya kupeleka nyumbani yaloweke kwanza, badili maji mara mbili tatu. Mimi niliyatupia mabichi na chumvi yake kwenye kachumbari, wageni wakamaliza jagi la maji bila kusema neno.

Meli inatoka Trapani, mji wa bandari huko huko Sicily. Bahari ikichafuka haiendi, kwa hiyo usipange kurudi siku moja kabla ya ndege yako.