Re: Mbona bei ya tikiti ya Desemba yapanda na kushuka tangu Februari?

Ndugu yangu, wasema tikiti ya Dubai ya Desemba umeitizama tangu Februari na kila wiki bei nyengine. Si wizi, viti vya ekonomi ni vile vile lakini shirika huvigawa mafungu mafungu, fungu la bei ya chini lina viti vichache tu, vikiisha warushwa la juu, na mtu akikanseli ama buking yake ikilala bila kulipwa kiti charudi pale pale, ndo waona imeshuka ghafla. Na kukata mapema sana si lazima iwe rahisi, tikiti hufunguliwa kama miezi 11 kabla na wakati huo hawana presha ya kujaza ndege, ofa huja baadaye wakiona mauzo yamelala. Ila Desemba usiwangojee mpaka mwisho, wajua mwenyewe mji ulivyo Krismasi.

Alafu we wasaka viti 4 pamoja ama? Fungu likibaki na viti 2 mtambo huwatia nyote 4 bei ya juu, mie nishalipa hivo nikaja kujua nishachelewa. Jaribu kusachi kiti kimoja kwanza uone tofauti, na uangalie ndege ya kuondoka Jumanne badala ya Ijumaa.