Mkaa au makaa ya mawe?

SWALI: Ninatafsiri makala ya sayansi kuhusu mioto ya kale. Niliandika: "Makaa ya mawe yanaonyesha kuwa misitu iliteketea miaka milioni 430 iliyopita." Mhariri amefuta "makaa ya mawe" akaweka "mkaa". Mkaa si ule wa jikoni? Kitu kilichokaa mwambani miaka yote hiyo kitaitwaje mkaa?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi, ila kazi ameifanya nusu.

Mkaa ni mti ulioungua bila kupata hewa ya kutosha. Wachoma mkaa wanalijua hilo: hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha hukesha wakiziba matundu, maana tanuri likipumua tu watafukua majivu. Makaa ya mawe ni habari nyingine. Hiyo ni mimea iliyozama kinamasini, ikafukiwa, ikabanwa na uzito na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka. Jina lake limetokana na weusi na kule kuwaka kwake. Kuumbwa kwake hakuhitaji moto.

Utata wake ni mtamu, lakini. Ukipasua bonge la makaa ya mawe huenda ukakuta ndani yake ukanda laini wenye nyuzinyuzi, unaochafua vidole. Huo ndio mkaa: moto ulipita kwenye mimea ya kale, mabaki yakafukiwa pamoja na mimea isiyoungua. Mkaa ndani ya makaa! Ndiyo maana ukichanganya maneno hayo mawili katika makala kama yako, msomaji hapati njia ya kutokea.

Kuhusu umri usiwe na shaka. Mkaa karibu wote ni kaboni, na vijidudu vinavyoozesha mti haviuwezi. Chini ya hadubini kuta za seli za mmea huonekana bado zimesimama. Andika "mkaa", au "mkaa wa kisukuku" ukitaka kuonyesha ukale. Wasemaji wengi, hasa Kenya, huuita "makaa", nao hawakosei, ila hapa neno hilo litakuponza. Na kwa kuwa umoja wa makaa ni kaa, usije ukaandika "kisukuku cha kaa". Msomaji atatafuta magando.

Sasa mawili ambayo mhariri ameyapita.

Kwanza, "iliteketea". Kilichoteketea kimekwisha, hakikuacha kitu. Mkaa unatuambia kinyume chake: mimea iliungua, moto ukazimika au ukakosa hewa kabla haujamaliza. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto; moshi wa wakati ule haupo, na lau mimea yote ingeteketea tusingekuwa na ushahidi huu pia. Tumia "iliungua".

Pili, "misitu". Misitu gani? Mwaka 2022 Ian Glasspool na Robert Gastaldo walieleza mkaa wa umri huo kutoka Wales na Poland, na wakati huo mti haukuwapo duniani. Mimea mingi ya nchi kavu haikupita kifundo cha mguu; iliyojitahidi ilifika gotini au kiunoni. Kilichosimama juu yake ni Prototaxites, kiumbe kama gogo lisilo na matawi, ambacho kiliweza kufikia karibu mita 9, na wataalamu bado wanabishana kama kilikuwa kuvu. Nacho kiliungua. Kutokana na mkaa huo watafiti walikadiria kuwa oksijeni hewani haikuwa chini ya asilimia 16, kwani chini ya hapo moto haushiki (leo ni asilimia 21).

Usikimbilie "moto wa nyika" pia. Nyika ina nyasi, na nyasi zilisubiri hadi zama za dinosaria. Mimi ningechukua "moto wa porini": pori ni mahali pasipolimwa wala kukaliwa na watu, na pale palikuwa pori kwelikweli.

Sentensi yako basi isomeke: "Mkaa wa kisukuku unaonyesha kuwa mimea ya nchi kavu iliungua kwa moto wa porini miaka milioni 430 iliyopita."