Kwa Nini Sinema Ilikawia Kusema: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba umeuliza jambo ambalo wengi hulipita. Unasema: ikiwa Edison aliweza kunasa sauti ya binadamu mwaka 1877, na ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, wakaonyesha picha zinazotembea mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kwa nini sinema ikakaa zaidi ya miaka thelathini bila kusema? Kisha, chini kabisa ya ukurasa, umeuliza kwa nini watu katika filamu za kale hutembea kama wanaokimbizwa. Maswali haya mawili yanahusiana kuliko unavyodhani.

Usidhani kwamba hakuna aliyejaribu. Katika karakana ya Edison, msaidizi wake Dickson na wenzake walitengeneza sanduku lililoitwa Kinetoscope, ambalo mtu mmoja aliliinamia na kuchungulia picha ndani yake. Mwaka 1895 wakatia humo fonografu, ile mashine ya Edison ya kunasa na kutoa sauti, na mtazamaji akawa anasikiliza kwa mirija aliyoichomeka masikioni. Ufaransa, Léon Gaumont alionyesha mwaka 1902 mtambo wake uliounganisha gramafoni na projekta. Wote walikwama mahali pamoja. Filamu ilipokatika na kuungwa, vipande vichache vya picha vilipotea, na tangu hapo midomo ikasema hili huku sauti ikitoa lile. Lakini hilo lingeweza kuvumiliwa. Kikwazo kikubwa kilikuwa udhaifu wa sauti yenyewe. Gramafoni ya siku zile haikuwa na umeme wa kuisaidia. Sauti yote ilitokana na sindano iliyotikisa kiwambo chembamba, ikapitia kwenye pembe, ikamfikia aliyekaa karibu. Ukumbi wa watu mia kadhaa haukuweza kujazwa kwa nguvu ya sindano.

Dawa haikutoka kwa watu wa sinema, na hapa ndipo penye kiini cha jibu langu: ilitoka kwa watu wa redio na simu. Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio, na Marconi akatangaza mwaka 1901 kwamba ameipokea herufi moja, S, kutoka ng'ambo ya Atlantiki; lakini huo ulikuwa mlio wa telegrafu tu, haukuwa sauti ya mtu. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza vali, chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, na miaka miwili baadaye Lee de Forest wa Marekani akaongeza ndani yake kiwavu kidogo cha waya. Fikiria mlango wa mfereji: mkono mmoja unaousogeza huamua maji mengi yapite au yazuiwe. Ndivyo umeme hafifu uliofika kwenye kiwavu kile ulivyoutawala umeme mwingi zaidi, na mnong'ono ukaweza kukuzwa. De Forest mwenyewe hakuelewa vizuri kazi ya kifaa chake. Wahandisi wa simu ndio walioondoa hewa kwa ukamilifu zaidi, na mwaka 1915 watu wakazungumza kwa simu kutoka New York hadi San Francisco. Mimi nakihesabu kijichupa hicho kuwa miongoni mwa vitu vikubwa vya karne ile.

Utangazaji ukafuata upesi. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 2 Novemba 1920, na BBC ikaanza matangazo London mnamo Novemba 1922. Vifaa vilevile vya kunasa sauti, kuikuza na kuitoa ndivyo sinema iliyokuwa ikivingoja. Mwaka 1926 kampuni ya Warner Bros. ilianza kuonyesha filamu kwa mtambo wa Vitaphone, uliotokana na kazi ya wahandisi wa simu: santuri kubwa iliyozungushwa pamoja na projekta, mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, ili itoshe urefu wa mkanda mmoja. Oktoba 1927 ikaja The Jazz Singer, filamu ambayo mwigizaji wake alisikika akiimba na kusema, na wenye kumbi wakaona kwamba hakuna kurudi nyuma. Punde santuri nayo ikaachwa, sauti ikachapwa kama mstari wa mwanga kando ya picha katika mkanda uleule. Hata kampuni ya redio ya RCA iliingia katika biashara hiyo. Studio ya RKO, iliyoanzishwa mwaka 1928, herufi yake ya kwanza ni ya neno Redio.

Nisingependa uamini kwamba kila kitu kilikuwa faida. Filamu bubu hazikuonyeshwa kimya. Palikuwa na mpiga piano au okestra nzima, na Japani palikuwa na benshi, msimulizi aliyesimama kando ya pazia na kuwasemea wahusika. Watu hao walipoteza kazi kwa maelfu, nami huwahurumia hadi leo. Tena, maandishi ya filamu bubu yaliweza kubadilishwa kwa lugha yoyote, lakini mwigizaji anayesema hubaki na lugha yake, na kwa miaka michache Hollywood ililazimika kupiga filamu moja mara kadhaa kwa lugha mbalimbali.

Sasa wale wanaokimbizwa. Kamera za mwanzo zilizungushwa kwa mkono, na ndugu Lumière walipiga takriban picha 16 kwa sekunde. Jicho husamehe mwendo ukibadilika, ila sikio halisamehe, kwa kuwa sauti hupanda au kushuka papo hapo. Kwa hiyo filamu za sauti zilihitaji mwendo usiobadilika, ukawekwa kuwa picha 24 kwa sekunde, na filamu za zamani zikipitishwa katika mwendo huo watu hukimbia. Tafuta nakala iliyorekebishwa ya wafanyakazi wanaotoka katika kiwanda cha Lumière huko Lyon, uitazame: utawaona wanawake wakipita langoni kwa hatua zao za kawaida, mbwa akipita katikati yao, na mwenye baiskeli akiondoka bila haraka yoyote.

Ni mimi baba yako, nikupendaye.